Majina Yaliyo Ukutani: Hekalu la Mfalme Rajaraja na Wajibu Wetu

(Maneno yaliyosemwa mbele ya waumini na wageni katika maadhimisho ya mwaka wa hekalu letu)



Wazee wetu waheshimiwa, mama zetu, makuhani na walimu wetu, wageni tuliowaalika, vijana na watoto:

Tunatanguliza shukrani kwa Mwenyezi Mungu aliyetujalia uzima tukakutana tena chini ya paa hili. Tumeombwa kuzungumza juu ya mahekalu ya wafalme: jinsi yalivyojengwa, na jinsi ibada ilivyoendeshwa ndani yake. Mahekalu hayo ni mengi, nasi tumeona heri kuingia katika moja na kukaa, kuliko kupita mbio mlangoni mwa mengi. Tumechagua hekalu kuu la Thanjavur, katika jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India. Wengi wetu asili yetu si huko; babu zetu walipanda majahazi Gujarat na Kutch, na namna yetu ya ibada ni ya kwao. Hata hivyo, hekalu hilo lina neno la kutuambia sote, na hasa mwaka huu. Tena tumeamua kulisema neno hilo kwa Kiswahili, kwa sababu itakayoonekana kabla hatujaketi.

Mfalme aliyelijenga ni Rajaraja wa Kwanza, wa ukoo wa Chola, aliyetawala kuanzia mwaka 985 hadi 1014. Yeye aliliita Rajarajesvaram, yaani mahali pa Bwana wa Rajaraja. Watu wa leo huliita Brihadisvara, na Watamili wa kawaida husema tu Periya Kovil, Hekalu Kubwa. Maandishi yaliyochongwa humo yanaeleza kwamba katika siku ya 275 ya mwaka wa 25 wa utawala wake, mfalme alitoa chungu cha shaba kilichovikwa dhahabu ili kisimamishwe kileleni. Hiyo ilikuwa mwaka 1010. Kwa hiyo hekalu hili limepita miaka elfu moja, na taa yake ingali inawashwa.

Tuingie sasa kwa upande wa mashariki, kama waingiavyo mahujaji. Malango mawili ya kale yanafuatana. La kwanza linaitwa Keralantakan, kwa kumbukumbu ya ushindi wa mfalme juu ya nchi ya Kerala. La pili linaitwa Rajarajan. Baada ya hapo macho yanafunguka katika ua mpana wa mstatili, wenye urefu wa takriban mita 240 na upana wa nusu yake. Anayetukaribisha ni Nandi, ng'ombe dume wa Bwana Shiva, aliyechongwa katika jiwe moja, urefu wake takriban mita sita, amelala akimtazama bwana wake bila kupepesa. Huyu si wa zama za Rajaraja. Aliwekwa karne nyingi baadaye, wakati wa watawala walioitwa Nayak.

Nyuma ya Nandi unasimama mnara wenyewe, uitwao vimana. Tako lake ni mraba wa karibu mita 30 kila upande. Kutoka hapo unapanda kwa ghorofa 13, kila moja ikipungua kidogo kuliko iliyo chini yake, hadi kufikia zaidi ya mita 60. Umejengwa kwa matale, jiwe gumu linalochosha patasi. Nasi tukumbuke kwamba Thanjavur ni nchi ya mpunga, iliyolala juu ya tope la mto Kaveri. Jiwe hilo halichimbwi hapo. Kila kipande kilikokotwa kutoka mwendo wa makumi ya kilomita, kikachongwa, kikapandishwa, na kukalishwa juu ya mwenzake, uzito wake ukiwa ndio kifungo chake.

Jambo moja la umbo hili linastahili kuangaliwa kwa makini. Katika mahekalu mengi ya kusini yaliyofuata, kama yale ya Madurai na Srirangam, malango ndiyo marefu kuliko vyote, na chumba cha Mungu ni kidogo, kimefichwa ndani. Thanjavur ni kinyume chake. Malango yameinama, na jengo refu kuliko yote limesimama juu ya lingamu yenyewe. Mtu akiuona mnara kutoka mbali mashambani, anajua hasa mahali Bwana alipokaa.

Chumba hicho cha ndani kimezungukwa na kuta mbili, na kati yake mna ujia wa kuzungukia. Gizani humo, mwaka 1931, mtafiti S. K. Govindasami aligundua kwamba chini ya picha za zama za Nayak kulikuwa na picha nyingine, za zama za Chola: Bwana Shiva akiishinda miji mitatu ya mashetani, na mtakatifu Sundarar akisafiri kwenda Kailasa. Ilibidi wataalamu wabuni njia ya kuibandua picha ya juu pasipo kuiharibu, ili zote mbili zihifadhiwe. Katika ujia wa ghorofa ya pili zimechongwa karana, yaani mikao ya ngoma takatifu, na mchezaji wake ni Shiva mwenyewe. Mikao ya asili ni 108. Iliyochongwa ni 81. Mawe ya mikao 27 iliyobaki yaliwekwa tayari, yakaachwa wazi. Mawe hayo tutayarudia.

Ndugu zetu, hekalu kubwa halikosi hadithi kubwa. Tumesikia wote kwamba kivuli cha mnara huu hakianguki chini. Kinaanguka, na aliyefika huko jioni amekiona. Tumesikia kwamba jiwe la juu ni kipande kimoja chenye uzito wa tani 80. Watafiti walioukagua mnara wanatuambia kwamba kilele hicho kimeungwa kwa vipande. Hatusemi haya ili kumpunguzia mtu imani. Tunasema kwa sababu hadithi hizo hutufanya tuangalie juu, hali sehemu ya ajabu zaidi ya hekalu hili iko chini, karibu na miguu yetu.

Kuzunguka tako la mnara, mstari baada ya mstari, ukuta umejaa maandishi. Mengi yake ni ya Kitamili, lugha ya watu wa nchi ile. Mfalme aliamuru yachongwe katika jiwe yale aliyoyatoa yeye, na yale aliyoyatoa dada yake mkubwa, na yale waliyoyatoa wake zake, na yale waliyoyatoa watu wengine. Dada huyo ni Kundavai, na zawadi zake za dhahabu na sanamu zimeandikwa kwa uzito na kipimo kama za mfalme. Naye fundi mkuu hakusahauliwa: jina lake ni Kunjaramallan, na akapewa heshima ya kuitwa kwa jina la mfalme pia, Rajaraja Perunthachan.

Lakini orodha haikomi kwa wakubwa. Wameandikwa waimbaji 48 wa nyimbo za Tevaram, pamoja na wapiga ngoma wawili, na kila mmoja amepimiwa mpunga wake wa kila siku. Wameandikwa wanawake 400 wa kucheza ngoma za ibada, kila mmoja kwa jina lake, na hekalu alilotoka, na nyumba aliyopewa, upande gani wa barabara na ni ya ngapi katika safu. Baada yao wanafuata makarani wa hesabu, washika miavuli, wawasha taa, wanyunyiza maji, wafinyanzi, madobi, vinyozi, washonaji, maseremala, masonara na wanajimu. Kila mmoja ana fungu lake la mpunga. Na ikiwa mwenye fungu amefariki au amehama, ukuta unaeleza nani atamrithi: jamaa yake wa karibu, ikiwa anaijua kazi, kama haijui, basi atafute anayeijua, na kama hakuna jamaa, wenzake wa kazi ile wamchague anayefaa.

Angalieni pia habari ya taa. Ili taa moja iwake daima, wachungaji walikabidhiwa kondoo jike 96, au ng'ombe 48, au nyati wa maziwa 16, na kwa sababu hiyo wakaleta kipimo cha samli kila siku. Kundi hilo lilihesabiwa kuwa la wanyama wasiokufa wala wasiozeeka. Maana yake si muujiza. Maana yake ni kwamba mchungaji alipaswa kuongeza wana mahali pa waliokufa, hesabu isipungue. Vivyo hivyo kwa fedha: hekalu lilikabidhi fedha kwa vijiji, na kijiji kikarudisha kila mwaka faida ya thumni kwa kila fedha moja. Katika faida za namna hiyo zilinunuliwa iliki, machipukizi ya maua ya champaka na mizizi yenye harufu nzuri, vya kutia katika maji ya kumwogeshea Bwana. Mfalme alijua kwamba jiwe litajisimamia lenyewe, lakini harufu ya iliki katika maji ya asubuhi haijisimamii. Inahitaji mtu, na mtu anahitaji chakula.

Ibada yenyewe ilifuata, na ingali inafuata, mwendo ambao kila mmoja wetu anautambua. Bwana huamshwa, huogeshwa kwa maji, maziwa na sandali, huvishwa nguo na maua, huandaliwa chakula, kisha taa huzungushwa mbele yake. Siku ya kumi na tatu ya kila nusu ya mwezi, saa za magharibi, Nandi huogeshwa mbele ya umati. Katika mwezi wa Kitamili wa Aippasi, mwezi unapokuwa mpevu, lingamu kubwa hufunikwa kwa wali mweupe, na baada ya ibada wali huo hugawiwa watu. Katika mwezi huohuo, nyota ya Sadayam inapofika, watu husherehekea siku ya kuzaliwa kwa Rajaraja, na waimbaji waitwao oduvar huimba Tevaram kama walivyoimba wale 48.

Mapokeo yanasema kwamba nyimbo hizo zilikaribia kupotea. Ziliandikwa katika majani ya mti wa jamii ya mitende na kufungiwa chumbani katika hekalu la Chidambaram, na siku Rajaraja alipofunguliwa chumba, mchwa walikuwa wamekwisha kula sehemu kubwa. Yaliyosalia ndiyo yaliyokusanywa, na ndiyo yanayoimbwa leo. Pengine ndiyo sababu mfalme aliwaajiri waimbaji, asitosheke na majani: wimbo unaokaa mdomoni mwa mtu haufikiwi na mchwa.

Tungekuwa tumewadanganya kama tungenyamaza hapa. Ukuta huu unasema pia mambo yasiyopendeza. Baadhi ya vyombo vya fedha na vya dhahabu, unatuambia waziwazi, vilitokana na hazina zilizotekwa kwa wafalme wa Chera na Pandya, na baadhi ya vijiji vilivyolilisha hekalu vilikuwa Sri Lanka, nchi iliyovamiwa. Wanawake wale 400 waliletwa kutoka mahekalu ya nchi nzima, na ukuta hausemi kama waliulizwa. Ngoma yao ilitukuzwa. Wenyewe, kwa kupita karne, walidharauliwa, hata sheria ya Madras ya mwaka 1947 ikakomesha desturi ya kuwaweka wasichana wakfu. Katika mahekalu ya nchi ile, watu wa tabaka zilizoitwa za chini walizuiwa mlangoni vizazi kwa vizazi, ingawa mikono ya wazee wao haikosi kuwamo katika kukokota mawe yale. Sheria za mwaka 1939 na 1947 ndizo zilizofungua njia. Na mwezi Juni 1997, wakati wa sherehe za kulitakasa hekalu, banda la makuti liliwaka moto uani na zaidi ya watu 40 wakafariki. Tuwakumbuke leo, na kila tunapofunga mapambo na kuwasha taa, tukumbuke milango ya kutokea.

Sherehe ya utakaso iliyofuata ilikuja baada ya miaka 23, tarehe 5 Februari 2020. Kabla yake kulikuwa na shauri mahakamani: ibada isomwe kwa Kisanskriti, kama makuhani walivyozoea, au kwa Kitamili, lugha ya watu na ya ukuta? Mahakama ikaelekeza kwamba zote mbili zitumike, na siku ile lugha zote mbili zilisikika juu ya kilele.

Hapa ndipo tunapofika nyumbani, wazee wetu na ndugu zetu.

Ukumbini mwetu lipo bamba la marumaru lenye majina ya waliotoa fedha za ujenzi. Ni haki yao, nasi tunawaombea baraka. Wengine waliuza dhahabu ya mama zao ili kuta hizi zisimame. Lakini tumelisoma bamba hilo mara nyingi, na kila mara tumewakosa watu fulani. Hatukumwona mzee aliyetulindia lango usiku, mvua na kiangazi, tangu baadhi yetu tukiwa watoto. Hatukumwona mama anayekoroga masufuria ya prasad siku za sikukuu, wala mwashi aliyelipandisha jiwe la mwisho la mnara wetu mdogo, wala kijana anayefagia ua alfajiri ya baada ya Diwali, sisi tukiwa bado tumelala. Wengi wao si Wahindu. Wanatuita kwa majina yetu, nasi twawaita wengi wao kwa kazi zao tu. Mfalme mwenye majeshi na dhahabu ya nchi tatu aliona si aibu kumwandika dobi ukutani. Sisi tunaona aibu gani?

Hii ndiyo sababu tumesema kwa Kiswahili. Ndiyo lugha wanayotuelewa nayo hawa tuliowataja, na baadhi yao wameketi safu za nyuma usiku huu. Ndiyo pia lugha ambayo wajukuu wetu hucheza nayo uani. Kisanskriti kitabaki mbele ya madhabahu, na Kigujarati kitabaki katika bhajani zetu. Lakini mwaliko ni lazima uwe katika lugha inayosikika hadi langoni.

Kwa hiyo tunaleta mbele yenu maombi mawili. La kwanza ni daftari. Kesho lifunguliwe daftari la watumishi wa hekalu, wote, tangu siku ya kwanza tunayoweza kuikumbuka: jina kamili, kazi, miaka ya utumishi. Wazee wanaokumbuka waketi na vijana wanaojua kuandika, kabla kumbukumbu haijaliwa na mchwa. Likikamilika, majina hayo yachongwe katika bamba la pili, la marumaru ileile, kwa herufi za ukubwa uleule.

La pili ni fungu. Kila mwaka tunachanga kwa moyo mkunjufu ikiwa kuna kitu cha kujenga: sakafu, kuba, lango. Lakini mshahara wa mlinzi na matibabu ya mpishi aliyezeeka hutegemea kilichobaki, na mara nyingi hakuna kilichobaki. Tunaomba sehemu ya mchango wa mwaka huu iwekwe kama kundi la kondoo wasiozeeka: mtaji wenyewe usiguswe, faida yake tu itumike, na itumike kwa watu kwanza, kisha kwa mafuta ya taa. Hatuna ng'ombe wala wachungaji, lakini hesabu ni ileile.

Tunajua baadhi yenu mtasema kwamba rangi ya mnara imechakaa na wageni wanaiona. Ni kweli. Nasi tunajibu kwa heshima kwamba rangi inaweza kungoja mwaka mmoja. Mzee wetu wa lango hajui kama atauona mwaka huo.

Tulisema tutayarudia mawe yale 27. Yako mpaka leo katika ujia wa ghorofa ya pili, yamelainishwa na hayakuchongwa. Hakuna maandishi yanayosema kwa nini kazi ilisimama. Bwana wa ngoma amecheza mikao 81 na kunyamaza, na makumi ya vizazi vya waumini wameabudu chini yake bila kuona kwamba hekalu lina upungufu. Sisi tunayapenda mawe hayo kuliko yote. Yanatufundisha kwamba hata hekalu la mfalme halikumalizika, na kwamba nafasi ya kuandika ingaliko.

Mwenyezi Mungu awabariki waliojenga, wanaolinda, wanaopika, wanaofagia na wanaoimba. Taa ya nyumba hii isipungukiwe mafuta, wala aiwashaye asipungukiwe chakula.

Om shanti, shanti, shanti.